Mke Aitwaye Unasikia

Lipa Tsukerman alikaa na mkewe miaka saba bila kumwita kwa jina hata siku moja. Si kwamba walikuwa wamenuniana. Baba yake hakumwita mama yake kwa jina, na babu yake naye hivyohivyo, na katika mtaa wetu huu wa mlimani, hapa Yerusalemu, mwanaume mwenye heshima zake humwita mkewe "Unasikia?" basi, imetosha. Unasikia? Chai. Unasikia? Mtoto analia. Mke naye, kwa heshima ileile, humwita mumewe "Sikiliza wewe." Jina la mwanamke limeandikwa kwenye hati ya ndoa, na siku akifa litachongwa kwenye jiwe kwa herufi nzuri. Hapo katikati, anayelitumia ni daktari wa meno.

Jina lenyewe lilikuwa Breindel. Alikuwa na watoto watatu: Perel wa miaka mitano, Shaye ambaye alikuwa hajatimiza mitatu na nywele zake ndefu hazijakatwa bado, na Tzirel, mtoto mchanga aliyejua kutambaa tu. Waliishi ghorofa ya tatu. Na kila Sabato, tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi nyota zinapotoka, Breindel alikuwa mfungwa katika ghorofa hiyo, na aliyemfunga ni waya.

Mji wetu umezungushiwa waya juu ya nguzo. Kwa sheria, waya ule unaufanya mji mzima uwe kama ua wa nyumba moja, na ndani ya ua unaruhusiwa kubeba vitu siku ya Sabato: mtoto, kitabu, bakuli la samaki la mama mkwe. Bila waya hubebi hata leso. Karibu mtaa wote unautegemea, na wanawake husukuma vigari vya watoto mchana kutwa kwa roho nyeupe. Lipa naye aliutegemea, mpaka alipopata mwalimu mpya, mwenye ndevu ndefu na shaka nyingi, aliyemwambia kwamba waya una walakini. Walakini gani? Lipa hakuweza kuueleza kwa maneno. Aliueleza kwa kidole gumba, akikichimbisha hewani kama wanavyofanya wasomi wetu wakifika mahali ambapo maneno yamewaishia, na kidole kilipomaliza kuchimba, nyumba yake ikawa haibebi kitu Sabato.

Kwa hiyo Tzirel hatembei, asiyetembea habebwi, na mama wa asiyebebwa hatoki. Lipa mwenyewe alitoka. Alijitanda shali yake ya sala mabegani, akaning'iniza mikono mitupu, akashuka ngazi polepole na uso wa mtu aliyejitwisha mzigo mkubwa.

Breindel hakuwa mtu wa kutaka mengi. Kwenda kwa shoga zake aliacha, na kwa mama yake pia aliacha. Kitu kimoja tu alishindwa kukiacha, nacho ni ile Sabato ya kuukaribisha mwezi. Kabla ya kila mwezi mpya kuandama, sala ya asubuhi husimamishwa kidogo, msomaji hushika gombo la sheria mikononi, akatangaza mwezi utazaliwa siku gani, na watu wote wakasimama kuomba mwezi wa uhai na wa mkate na usio na aibu. Wanawake wasioonekana sinagogi mwezi mzima, siku hiyo huja. Breindel alipokuwa mdogo alisimama hapo miezi yote kando ya bibi yake Sosl, ambaye hakulia mumewe alipokufa wala mwanawe alipohamia ng'ambo, lakini kila mwezi mpya alilia pale kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Breindel aliamini, na mpaka leo anaamini, kwamba mwezi usiouombea hivyo unakuingia kwa mlango wa nyuma.

Dawa ya shida yake ilikuwa rahisi na kila mtu aliijua. Kuna sala ya alfajiri. Mume aende jua linapochomoza, arudi akae na watoto, mke aende ya asubuhi. Breindel aliliomba hilo kila mwezi.

"Sikiliza wewe. Jumamosi hii wanaukaribisha mwezi. Nenda alfajiri basi."

"Wale wa alfajiri wanasali mbiombio."

"Wana Mungu mwingine?"

"Na tena," Lipa akasema, akitafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani, "ukiomba hapa ulipo, na watoto wako miguuni, thamani yake inapita ya kwangu kule. Nimeandika kuhusu hilo."

"Nimesoma."

Hakutaja meza inayoandaliwa baada ya sala ya asubuhi, yenye samaki wa chumvi, kugel, yaani tambi za kuokwa, iliyoungua vizuri pembeni, na kikombe kidogo cha kitu kikali. Watu wa alfajiri hupewa chai.

Lakini hilo la kuandika linahitaji maelezo, kwa sababu ndipo Lipa alipotia fora. Katika masinagogi yetu hugawiwa kila Ijumaa kigazeti cha bure cha kurasa nne, ambacho watu hukisoma kwa makini sana wakati rabi anahubiri. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na safu iitwayo "Kutoka Jikoni," na aliyeitia sahihi alijiita Mama Mwenye Furaha. Kila wiki Mama Mwenye Furaha aliwaeleza wanawake wenzake kwamba Sabato ya mama aliyefungiwa ndani na watoto wadogo ina furaha ya kiroho ambayo wanaume kule sinagogi wanaitamani bure. Alijuaje wanachokitamani wanaume? Alikuwa na ndevu. Mama Mwenye Furaha alikuwa Lipa Tsukerman, na siri hiyo waliijua yeye, mkewe na mhariri tu.

Aliiandika Jumanne jioni, meza ya chakula, wakati mama halisi anaogesha.

"Unasikia? Mkishawasha mishumaa ya Sabato mkaziba macho kwa viganja, mnahisi nini?"

"Joto," Breindel akajibu kutoka bafuni.

"Zaidi ya joto."

"Usingizi."

"Kiroho, mwanamke. Naulizia kiroho."

Breindel alitoka na Shaye kwapani, anachuruzika maji. "Unataka ukweli? Haya, andika ukweli. Nikiziba macho, hiyo ndiyo dakika pekee kwenye wiki nzima ambayo hakuna mtu ananigusa. Watoto wanajua mama anaomba, wanangoja. Humu ndani hakuna chumba kina ufunguo, hata choo, Perel anaingia. Viganja vyangu ndiyo chumba changu. Naingia, nafunga mlango. Dua ikiisha nabaki humo kidogo. Wiki iliyopita nilibaki mpaka Perel akauliza kama nimekufa."

Lipa alikuwa ameshainamisha kichwa, kalamu inakimbia. Ijumaa kigazeti kikatoka. Nyuma ya viganja vyangu, aliandika Mama Mwenye Furaha, malaika hunisubiri, nami huzungumza nao mpaka watoto wangu watulivu huniuliza, mama, umefika mbinguni?

Breindel alisomewa hayo ngazini na Zlata wa ghorofa ya kwanza, aliyekikumbatia kigazeti huku mtoto kashikilia sketi yake. Zlata alikuwa na watoto wanne. Mumewe, Hershel, alikuwa amemuiga Lipa kuukataa waya, kidole gumba na vyote.

"Unamwona huyu?" Zlata akasema. "Huyu ndiye mama. Mimi na wewe ni takataka."

"Labda ana msaidizi," Breindel akasema.

"Usimseme. Nilikuwa namlilia Hershel kila wiki nataka kwenda kwa mama yangu, yule mgonjwa. Tangu nianze kumsoma huyu mama nimenyamaza. Najiambia, Zlata, mwenzio anaongea na malaika, wewe unataka kwenda kunywa chai?"

Breindel alipanda ngazi zake. Aliona haya, na kilichomuudhi ni kwamba haya haikuwa yake. Lakini siri ya mume ni siri ya mume, akanyamaza.

Nisije nikaonekana naponda tu. Furaha ilikuwepo, ila haikuwa ile ya kigazetini. Upande wa nyuma wa nyumba kuna kibaraza cha kuanikia nguo kinachotazamana na sinagogi la ng'ambo ya barabara. Maneno hayafiki hapo. Kinachofika ni "Amina" ya watu wote kwa pamoja. Sabato za mwezi Breindel alisimama hapo kati ya soksi, Tzirel begani, akaitikia amina kwa dua ambazo hakuzisikia, akiamini kwamba walioko ndani wameomba jambo la maana. Kuna siku ilimwingia mwilini kabisa, akafunga macho, akatabasamu peke yake. Halafu Shaye akamwaga kitu.

Sabato ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kuukaribisha mwezi, na Tzirel alikuwa na homa ya meno. Breindel alikuwa amemwombea tangu Ijumaa: Tzirel binti Breindel. Kwetu mgonjwa huombewa kwa jina lake na la mama yake. La baba halitakiwi, maana huko juu, inaelekea, wanajua nani hukesha. Asubuhi Lipa alipokuwa anajitanda shali, mkewe alisimama mlangoni.

"Sikiliza wewe. Alfajiri hukwenda. Haya. Basi mchukue huyu mmoja, Shaye. Anatembea, ana miguu yake."

Lipa aliona hapo hakuna pa kuponea. Tena wazo la kuingia sinagogi akimshika mkono mwanawe mwenye nywele ndefu na kikoti cha mahameri halikuwa baya. Wakashuka.

Shaye alitembea vizuri sana mpaka katikati ya barabara. Hapo akaiona nguzo. Siku ya Sabato barabara yetu hufungwa, gari halipiti, kwa hiyo aliiendea nguzo kwa raha zake, akakaa chini, akaikumbatia kwa mikono na miguu. Ilikuwa nguzo ileile inayobeba ule waya.

"Shaye, twende."

"Sitaki."

"Kule kuna peremende."

"Sitaki peremende."

Mtoto anayegoma kutembea, kwa wale wanaoutegemea waya, unamnyanyua na safari inaendelea. Lakini Lipa hakuutegemea. Alimzunguka mwanawe mara kadhaa huku mikono iko nyuma, kama mtu anayekagua shamba analotaka kulinunua. Mwanaume mmoja alipita anasukuma kigari cha mapacha.

"Sabato njema, Reb Lipa. Nikubebee? Mimi natumia waya."

"Mwanangu habebwi kwa waya huo."

"Haya, kaeni salama," akasema yule mtu, akaenda zake akipiga mluzi.

Akaja mzee mmoja, akamfundisha njia ya wajuzi: mnyanyue hatua chache tu, mweke chini, mnyanyue tena. Lipa alijaribu. Shaye alilegea kama nguo iliyolowa, na alipowekwa chini alirudi mbio kwenye nguzo. Mzee akasema vijana wa siku hizi hawana nidhamu, bila kufafanua ni kijana yupi.

Ndani ya sinagogi walishaanza kusoma gombo. Lipa alisikia sauti inapanda na kushuka, maneno hayafiki. Kumwacha mtoto hawezi, kumbeba hawezi, kuingia hawezi. Akawa amefungwa nje kama mwenzake alivyofungwa ndani, tena juani. Ndipo alipoinua uso kuelekea ghorofa ya tatu na kuita kama alivyozoea.

"Unasikia?"

Madirisha sita yakafunguka.

"Mimi?" akauliza Zlata wa ghorofa ya kwanza.

"Si wewe."

"Ni mimi?" akauliza mwanamke wa nyumba ya pili.

Mjane wa ghorofa ya pili, Mama Fradel, alitokeza mbio na kilemba chake kimeenda upande, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu mumewe afariki. Alipoona ni Lipa, alikaa palepale dirishani. Si kila siku mtu huitwa.

Breindel alikuwa kwenye kibaraza, Tzirel begani. Alisikia vizuri sana. Hakujibu.

"Unasikia?" Lipa akapaza zaidi.

"Wote tunasikia," Zlata akasema. "Sema unamtaka nani."

"Mke wangu."

"Hana jina?" akauliza Mama Fradel.

Lipa aliiva mpaka masikio. Kumwita mkewe kwa jina, barabarani, mbele ya wake za watu, siku ya Sabato. Afadhali angeambiwa avue viatu. Alitazama chini, akalitamka kama mtu anayemung'unya punje ya pilipili.

"Breindel."

"Hajasikia," akasema Zlata.

"Breindel!"

Jina lilipanda ghorofa tatu na kumkuta kati ya soksi. Sijui mwenzangu angehisi nini; yeye moyo ulimruka, na aliona aibu kwamba umemruka, kwa sababu alikuwa amekusudia kukasirika. Miaka saba. Alingoja kidogo mpaka sauti yake itulie.

"Naam."

"Njoo umchukue Shaye."

"Tzirel nishuke naye vipi? Hatembei."

"Mwache na Perel."

"Tzirel ana homa, na Perel ana miaka mitano."

"Basi nitupie kitu cha kumvutia. Biskuti. Chochote."

Breindel aliinama juu ya ukuta wa kibaraza. Sasa sauti yake ilikuwa tamu, na waliomjua wangeogopa.

"Sikiliza wewe. Kuna maskini amesimama nje, na kuna mwenye nyumba yuko ndani. Mwenye nyumba akatoa kitu dirishani siku ya Sabato akampa maskini mkononi. Nani kakosa?"

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa kila mvulana wa mtaa wetu kuhusu Sabato, na Lipa alikuwa akiichambua na mwalimu wake tangu majira ya mvua. Kabla hajajizuia, kidole gumba kilishaanza kuchimba hewani.

"Mwenye nyumba."

"Basi kaa hapohapo, maskini."

Madirisha yalicheka, ila kwa adabu, kwa sababu ilikuwa Sabato. Kutoka sinagogi viti vilisikika vikivutwa; watu walikuwa wanasimama. Uso wa Lipa ulibadilika, na mzaha ukamtoka mwilini.

"Breindel, wanaukaribisha mwezi. Nitaukosa."

"Pole. Ukiwa hapo maneno huyasikii, ila amina utaisikia. Itikia. Utazoea. Na furaha yake inapita ya walioko ndani, imeandikwa."

Lipa aliutazama mlango wa sinagogi. Kwa mara ya kwanza, nadhani, alisoma safu yake mwenyewe.

"Unataka nini?" akauliza.

"Alfajiri. Mwezi ujao, na kila mwezi."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hufiki."

"Sawa," Lipa akasema. "Alfajiri. Bila nadhiri."

Watu wetu wakiahidi jambo, hata kununua mkate, humalizia kwa maneno hayo, bila nadhiri, ili wakishindwa Mungu asiwadai. Ni desturi ya ucha Mungu, na pia ni mlango wa dharura mpana kupita mlango wenyewe.

"Hiyo 'bila nadhiri' iondoe."

"Breindel. Nadhiri? Barabarani?"

"Mashahidi tupo," akasema Mama Fradel.

Akaiondoa. Alisema alfajiri, kila mwezi, na hakuongeza kitu, akafumba mdomo kama mtu aliyeng'olewa jino. Ndipo Breindel alipotazama chini ya nguzo na kuita kwa sauti ya kawaida, "Shaye. Kugel."

Shaye aliiachia nguzo, akasimama, akajipangusa matako, akampita baba yake, akapanda ngazi ghorofa zote tatu kwa miguu yake. Neno lilikuwa hilo moja tu, na mama yake alikuwa nalo tangu mwanzo. Lipa alikimbilia sinagogi na shali inapepea. Alifika watu wanaketi.

Mwezi uliofuata alitimiza. Nampa haki yake: aliamka bila kuitwa, akasali na wale wa mbiombio, akanywa chai yao, akarudi. Breindel alikuwa tayari amevaa gauni la rangi ya zambarau iliyoiva ambalo mara ya mwisho lilivaliwa kwenye harusi ya mdogo wake. Mezani alimwachia kigazeti cha wiki hiyo, ukurasa wa mwisho uko juu.

"Watakusumbua kidogo," akasema. "Ukizidiwa, soma hapo."

Barabarani mikono ilimsumbua. Hakujua aiweke wapi bila cha kushika. Aliingia upande wa wanawake, akasimama karibu na dirisha, mahali ambapo bibi Sosl angesimama. Msomaji akashika gombo, akatangaza mwezi utazaliwa lini, na maneno, maneno yenyewe, moja baada ya jingine, yakamfikia. Breindel alilia. Mama Mwenye Furaha angetia malaika hapo. Hapakuwa na malaika; palikuwa na joto, na mwanamke mnene wa mbele aliyemziba, na harufu ya nguo zilizokaa kabatini. Alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka kooni. Aliuombea mwezi kila kitu alichokuwa anadaiwa na miezi iliyopita. Kisha akafurahi mara ya pili, alipogundua kwamba muda wote huo hakuna aliyevuta sketi yake.

Aliporudi alimkuta mumewe sakafuni. Mchuzi mzito wa maharage ulikuwa ndevuni. Shaye alikuwa amevaa kofia ya manyoya ya baba yake na ndani ya kofia mlikuwa na kitu cha majimaji. Tzirel alikuwa analia kama mtu aliyeanza zamani na hana mpango wa kuacha, na Perel alikaa mezani ametulia, anamtazama baba yake kwa huruma. Kigazeti kilikuwa kimetafunwa, ukurasa wa nne wote.

"Unasi..." Lipa akaanza. "Breindel. Kila wiki huwa hivi?"

"Hapana," Breindel akasema, akivua viatu. "Leo walikuwa wazuri. Malaika hawajafika?"

Jumanne Lipa alikaa mezani na karatasi na kalamu, akasikiliza kishindo cha bafuni, na hakuuliza swali lolote. Jumanne ya pili hivyohivyo. Mhariri, ambaye lazima aseme kitu, aliandika mahali pa safu kwamba Mama Mwenye Furaha ni mgonjwa na wasomaji wamkumbuke katika sala zao.

Ndiyo sababu Zlata alipanda hadi ghorofa ya tatu siku ya Jumatatu, macho mekundu, ana karatasi na penseli. Wanawake wa mtaa walikuwa wamegawana Zaburi zote kumwombea. Mama Fradel peke yake alichukua kumi.

"Ila tumekwama," akasema, akikaa kwenye kiti chenye makombo. "Hatuwezi kumwombea 'Mama Mwenye Furaha.' Tunataka jina lake, na jina la mama yake. Mhariri hasemi. Nikafikiri wewe, mumeo anajuana na wale watu wa kigazeti. Muulize, Breindel. Huyu mama amenishika mkono mwaka mzima. Mama yangu amelala kule juu mlimani, kila Sabato ananingoja, mimi sijakwenda, na sijalia hata siku moja kwa sababu ya huyu mama. Akifa nitasoma nini?"

Breindel alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja mpaka mwisho. Siri ya mume ni siri ya mume. Lakini mama ya Zlata alikuwa kule juu, anangoja, na kuna siri ambazo ukizitunza sana wanaozeeka ni watu wengine.

"Andika," akasema.

Zlata akalowesha ncha ya penseli.

"Lipa, mwana wa Yachet."

Zlata aliandika Lipa. Aliandika mwana. Wote wawili, mama na mwanawe, Zlata aliwajua, kwa kuwa Yachet aliishi nyumba ya nne na kila Ijumaa alikuja kumwambia Breindel kwamba kugel yake ni kavu. Penseli ikasimama. Zlata aliitazama karatasi, kisha akatazama mlango wa chumba cha kulala, ambako shali ya sala ilikuwa imetundikwa, kisha viazi.

"Anaumwa nini?" akauliza.

"Furaha," Breindel akasema. "Lakini anaendelea vizuri."

Zlata alikunja karatasi mara nyingi kuliko ilivyohitaji, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Breindel alimsikia akishuka, pole mwanzoni, halafu haraka. Mlango wa ghorofa ya kwanza ukafunguka na haukufungwa. Kisha ikapanda sauti, kavu na safi, na jina ambalo ngazi zile hazijawahi kulisikia kinywani mwa mwanamke yule.

"Hershel," Zlata alisema. "Weka hicho kitabu chini, ukae hapa."